Nilivyofunga Njia Nzima Hadi kwa Padre Theodori

Kosa langu nililifanya Kisumu, kabla gari moshi halijaondoka: niliamua kufunga. Mlioniuliza kwa nini nimerudi nimekonda, na kwa nini mama bado ananitazama kwa jicho la upande, jibu linaanzia hapo. Ninalisema mapema kwa sababu nikiliacha hadi mwisho nitatafuta namna ya kulipamba. Ninajijua.

Isecheno hadi Kisumu

Mnaujua ugomvi wetu, lakini wengine mlikuwa mbali, kwa hiyo nieleze. Kikanisa chetu kiko ukingoni mwa msitu, si mbali na kituo cha misitu cha Isecheno. Baba yangu, Mwalimu Petro, ndiye katekista wake tangu kabla sijazaliwa. Ilipokuja amri ya Misa mpya, ya Kiswahili, padre akiwatazama watu na altare imesogezwa kama meza ya chakula, baba alikataa. Watu wengi wa kikanisa wakakataa pamoja naye. Wakawa wanakutana Jumapili bila padre, wanasali rozari na kuimba Kilatini, halafu wanakwenda nyumbani. Askofu alivumilia mwaka mzima. Mwishowe akatuma neno: kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio, atakayeendelea kusali kando hatapewa sakramenti, na akifa hatazikwa na padre.

Baba alikuwa amelala kitandani tangu mavuno. Tumbo lake lilikuwa limevimba na miguu imekwisha. Kila mtu nyumbani alijua Majilio na mauti vinakimbizana, ila hakuna aliyelitamka.

Padre mpya alikuja mara mbili kumpaka mafuta matakatifu. Mara zote mbili baba aligeukia ukuta.

"Nitapakwa na aliyenibatiza," alisema. "Padre Theodori hakukubali mambo haya. Ndiyo maana walimfukuza wakamtupa huko baridini. Nenda, Remijio. Umwulize: Papa aliyetuapisha tushike, na Papa anayetuambia tuache, tumsikie yupi? Jibu lake nitalifuata. La mwingine silitaki."

Mimi ndiye niliyetumwa kwa sababu ninajua Kilatini. Ninasema ninajua. Nilijifundisha mwenyewe kwa misale ya zamani ya baba, neno kwa neno. Nilipokuwa mtumishi wa altare nikikosea silabi moja, sikulala vizuri wiki nzima. Nilidhani Mungu anahesabu.

Mama alinifungia ingokho, kuku mzima wa kukaanga, katika majani ya ndizi, kwa ajili ya njia. Nilitembea hadi Kakamega mjini nikapanda basi la Kisumu. Mambo ya tiketi ninayaruka. Basi lilitoboka gurudumu Chavakali, likatoboka tena kabla ya Kiboswa, na mara zote mbili nilisimama kando ya barabara nikirudia moyoni swali la baba, nisije nikabadilisha hata neno.

Kisumu hadi Nakuru

Sasa kosa lenyewe. Sisi wa kikanisa cha msituni tulishika sheria ya zamani ya Komunyo: anayetaka kupokea hali wala hanywi, hata tone la maji, tangu saa sita ya usiku. Nilikuwa nimepanga kupokea Komunyo mkononi mwa Padre Theodori siku ile ile nitakayofika. Nilipiga hesabu jukwaani: gari moshi linaingia Nakuru asubuhi, adhuhuri niko misheni kwa Padre, upande wa Ol Kalou. Basi nifunge. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Iliharibika baada ya Fort Ternan.

Kulipokucha tulikuwa tumesimama kwenye kituo kidogo cha mlimani. Behewa la mizigo lilikuwa limeanguka mbele yetu na reli imefungwa. Wanawake wa Kipsigis wakaja madirishani na mahindi ya kuchoma na maziwa ya kibuyu. Behewa zima la daraja la tatu likawa linatafuna. Mimi nilikaa na kuku wa mama mapajani, harufu ikinipanda puani, nikitazama mbele.

Aliyekaa nami benchi moja alikuwa mama wa makamo wa Mumias, jina lake Mama Zubeda, anakwenda Nakuru kwa binti yake aliyejifungua. Naye hakula. Kufikia saa sita mchana tulikuwa wawili tu tusiotafuna, akaanza kunitazama kwa upendo.

"Kijana, wewe wa wapi?"

"Kakamega, mama."

"Una sura ya watu wa Matungu."

"Si mbali," nilisema. Huo ni uongo. Ni mbali.

Akawageukia wenzetu. "Mwoneni huyu! Msafiri ameruhusiwa kula, siku akailipa baadaye. Lakini yeye anafunga. Vijana wa siku hizi wanakulanga hata mchana kweupe, mbele ya mama zao."

Hapo ndipo nilipojua ni mwezi wa Ramadhani. Ningefungua kinywa wakati ule ule, mambo yangeisha. Sikufungua. Niliogopa kumwaibisha, kisha nikaogopa kwamba nimenyamaza muda mrefu mno, kisha nikaogopa kwamba kunyamaza huko ni kuikana imani. Saa zote za mchana nilizitumia kupima kama nimetenda dhambi ndogo au kubwa.

Mbele yetu kulikuwa na fundi cherehani wa Maragoli, kichwa cha mashine yake kimefungwa kwa blanketi kama mtoto. "Mimi naona huyu ni mgonjwa," alisema. "Mtu anayefunga hana macho kama hayo."

Jua lilipozama, gari moshi halijasogea. Mama Zubeda akafungua kikapu: tende, sambusa, chai ndani ya chupa iliyozungushiwa kitambaa. Akanipa tende ya kwanza kabla yake mwenyewe.

"Haya mwanangu. Bismillahi."

Nikaishika ile tende. Behewa zima lilikuwa linatutazama.

"Mama," nilisema, "mimi ni Mkatoliki."

Fundi cherehani alicheka hadi akaiegemea mashine yake. "Tangu lini Mkatoliki anafunga Ramadhani?"

"Nafungia Komunyo."

"Na hiyo Komunyo iko wapi?"

"Ol Kalou."

"Yesu wangu! Chakula kiko Ol Kalou, tumbo liko hapa!"

Mama Zubeda hakucheka mara moja. Aliniuliza sheria yetu, nikamweleza.

"Tangu saa sita ya usiku. Na sasa ni saa ngapi?"

"Saa moja jioni."

"Utafika Ol Kalou kabla ya usiku wa manane?"

"Siwezi."

"Basi kuanzia sasa hadi saa sita unamfungia nani?"

Mimi niliyejifundisha Kilatini sikuwa nimeliona jambo ambalo mtoto angeliona. Nikala ile tende. Nikala sambusa tatu. Nikafungua majani ya ndizi nikamkaribisha ale kuku.

"Nani alichinja?" aliuliza.

"Mama yangu."

Hapo ndipo alipocheka, akifunika mdomo kwa ukingo wa kanga. "Hata kuku wako ni Mkatoliki. Mle ninyi." Fundi cherehani hakungoja kuambiwa mara ya pili.

Usingizi ulikataa, kwa hiyo nikamwambia habari ya baba na askofu. Alisikiliza vizuri kuliko watu wengi wa parokia yetu.

"Mimi sijui mambo yenu," alisema. "Kwetu, aliyeniamuru kufunga ndiye aliyeniruhusu kula nikiwa njiani. Nikiikataa ruhusa yake, amri yake naiaminije?"

"Lakini kwenu kitabu hakibadiliki, mama."

"Hakibadiliki. Ninyi mna mzee aliye hai, na mtu hai husema jambo leo na kesho akasema jingine. Hiyo ni taabu yenu, mwanangu. Kunywa chai kabla haijapoa."

Nilimkasirikia. Alikuwa amelisema swali la baba kwa maneno machache, na kwa upande usiotupendeza.

Nakuru hadi kule juu

Tuliingia Nakuru asubuhi, siku nzima nyuma ya hesabu yangu. Tangu saa sita ya usiku sikuwa nimeonja kitu. Basi la Gilgil, kisha la Ol Kalou, likipanda polepole hadi baridi ikaingia chini ya kucha. Sikuwa na koti. Kakamega mtu hahitaji koti la namna hiyo.

Ol Kalou waliniambia misheni iko ng'ambo, kwenye mashamba waliyogawiwa wananchi baada ya walowezi kuondoka, na kwamba lori la maziwa linarudisha mikebe mitupu upande ule. Dereva alinikubali bila swali, akaniweka mbele pamoja naye. Baada ya mwendo mfupi akafungua chupa ya chai.

"Kunywa. Hii baridi itakuua."

"Asante, sitakunywa."

"Kuna viazi kwa hiyo karatasi."

"Asante. Siwezi."

Akaifunga ile chupa. Kisha akapunguza mwendo. "Wewe kijana. Hii chai iko na nini?"

"Haina kitu. Nimefunga."

"Umefunga nini? Wewe si Mwislamu, nimeona msalaba kwa shingo. Unaona Mkikuyu atakuwekea kitu kwa chai?"

Siku hizo watu walikuwa wakitazamana vibaya, mnakumbuka, kabila na kabila. Nilianza kumweleza sheria ya Komunyo, tangu asili yake, kwa mpangilio mzuri. Nilifika kwenye ile ya kutokunywa hata maji. Akasimamisha lori.

"Misheni ni hii njia. Teremka."

Hakusema kwa hasira, ila kama mtu aliyechoka. Ndivyo nilivyotembea mwendo uliobaki kwa miguu, kati ya mashamba ya pareto, mvua nyembamba ikininyeshea. Kichwa kilikuwa chepesi. Nilirudia swali la baba, na kwa mara ya kwanza maneno yakachanganyika: tuache, tushike, tushike, tuache. Nililia, sitaficha. Nililia kwa sababu ya mpangilio wa maneno.

Misheni

Kanisa lilikuwa ghala la nafaka la mlowezi, msalaba umepigiliwa juu ya mlango. Nje, wanawake watatu walikuwa wakichagua viazi vya mbegu, na pamoja nao mzee Mzungu mwenye viatu vya mpira na ndevu za rangi ya majivu. Mguu mmoja aliunyoosha mbele kama ubao. Nilipiga magoti kwenye tope na kumsalimu kwa Kilatini, salamu niliyoiandaa tangu nyumbani.

Aliweka kiazi chini, akanitazama usoni. Kisha akajibu kwa lugha yetu, kwa lafudhi ile ile waliyokuwa wakiiiga wazee wetu wakitaka kuchekesha: "Mulembe."

Nilipotaka kusimama miguu ilikataa. Wanawake walinishika kwapani, wakaniketisha jikoni. Padre mwenyewe akaniwekea kikombe cha uji mbele yangu.

"Kunywa."

"Padre, sijapokea Komunyo. Ninaomba Komunyo kwanza."

"Tangu lini hujala?"

"Tangu saa sita ya usiku. Hata maji."

"Hata maji," alirudia. Akakaa. "Mwana wa Petro wewe. Huwezi kuwa wa mtu mwingine. Sheria hiyo imelegezwa miaka mingi. Sasa ni saa moja tu kabla ya kupokea."

"Nani aliilegeza?"

"Papa."

"Huyu wa sasa?"

"Alianza mwingine kabla yake, huyu akamalizia. Kunywa uji. Misa ni kesho."

Nilikunywa, huku nikimtazama kama mtu aliyenivua nguo. Kisha nikamwuliza swali la baba. Nililisema sawasawa, neno kwa neno.

Aliniuliza nani alisema yeye alifukuzwa.

"Watu wote wanasema. Kwamba uliikataa Misa mpya."

"Nilihamishwa kwa sababu watu walipewa mashamba huku na hawakuwa na padre." Alicheka, kisha akaacha. "Kwa hiyo mwaka mzima wamekaa bila sakramenti, na jina langu mkononi."

"Wewe unaipenda hii mpya, Padre?"

"Siipendi. Ninaisoma kwa Kikuyu, na hawa akina mama wananicheka. Ile ya zamani ninaiota usingizini, ninaisikia hata harufu yake. Siipendi, na ninatii. Hayo mawili yanakaa ndani yangu kama wake wenza: hawasemeshani, lakini kila mmoja anapika."

"Basi njoo umwambie baba mwenyewe."

Akaupiga ule mguu kwa kiganja. "Huu haufiki hata Ol Kalou." Kisha akauliza: "Padre wenu mpya ni nani?"

"Padre Augustino."

"Augustino yupi?"

"Mwana wa yule aliyekuwa akiuza chumvi Shianda. Alilelewa kwa mjomba wake, kwetu."

"Yule mwenye masikio? Petro ndiye aliyemfundisha katekisimu."

"Ndiye."

"Alimchapa?"

"Baba alimchapa kila mtu. Augustino zaidi. Alikuwa akizikimbiza sala."

Padre Theodori aliegemea ukuta, na nikaona amechoka. "Basi si Kilatini peke yake," alisema. "Petro alipiga magoti mbele yangu miaka yote hiyo, mimi mgeni. Sasa apige magoti mbele ya mtoto aliyemfuta kamasi. Hilo hakukutuma uniulize?"

Hakunituma. Lakini nilipolisikia nilijua kwamba nalijua. Nilikuwepo Padre Augustino alipokuja mara ya kwanza. Baba aligeukia ukuta kabla hajasikia lugha yoyote.

Misa ya asubuhi

Nilitumikia altare. Ilikuwa meza ya mbao, na padre alisimama nyuma yake akitutazama, pua nyekundu kwa baridi. Sikuelewa neno. Nilijua tu tulipo kwa mikono yake: sasa anatoa mkate, sasa anainama. Mara mbili alikosea, na mwanamke wa mstari wa mbele akamsahihisha kwa sauti, akashukuru, akaendelea. Mimi ningekufa kwa aibu. Yeye aliendelea.

Mahali pamoja alifungua mikono akawasalimu watu, na kinywa changu kikajibu chenyewe, kwa sauti kubwa: *Et cum spiritu tuo.* Watu waligeuka. Mtoto alicheka. Padre Theodori alisimama kidogo, amefumba macho, kisha akaisema tena ile salamu kwa Kikuyu, polepole, na watu wakajibu kwa lugha yao, nami nikajibu kwa ile yangu, pamoja nao.

Nilipokea Komunyo tumbo likiwa na uji na kiazi. Nilingoja kuona kama kutatokea jambo baya. Hakukutokea.

Jibu alilonipa mlangoni ni hili: "Mwambie Petro, Theodori amepokea amri na ameifuata. Mwambie sala za Kilatini kitandani mwake hakuna Papa aliyezikataza. Na mwambie yule kijana anamwogopa kuliko anavyomwogopa askofu. Amsaidie."

Kurudi

Kurudi sikufunga. Niliomba chai kwa kila aliyekuwa na chupa. Nilimtafuta dereva wa lori, sikumpata. Njia nzima niliandaa namna ya kumwambia baba: kwanza afya ya Padre, kisha sheria ya kufunga, kisha taratibu hadi kwenye lile gumu. Niliipanga mara nyingi hivi kwamba Kisumu nilikuwa nimeshaanza kuibadilisha kweli yenyewe ili ipangike vizuri.

Nilifika Ijumaa kabla ya Majilio. Mama alikuwa amepika obusuma, ugali wetu, nikanawa nikala kwanza, kabla hata ya kumwona baba, naye akanitazama kwa jicho la upande. Kisha nikaingia. Baba alikuwa amepungua kuliko nilivyomwacha.

"Anaisoma kwa lugha gani?" aliuliza.

Mpangilio wote ukaanguka. "Kikuyu, baba. Vibaya. Wanawake wanamsahihisha."

Alifumba macho. "Naye ameacha."

"Ametii. Anasema haipendi." Nikamweleza yote, na la Augustino nikalisema la mwisho, nikitazama chini. Jioni baba alisali Kilatini peke yake. Nilimsikia kupitia ukuta na sikujiunga.

Asubuhi alimwambia mama: "Mwiteni huyo mtoto wa chumvi."

Padre Augustino alikuja kwa baiskeli, na chupa ya mafuta mfukoni. Mlangoni alivua kofia kama mwanafunzi aliyechelewa. Masikio yake ni makubwa kweli. Alifungua kitabu, akakishika kwa mikono miwili.

"Mwalimu," alisema, "nianze?"

Baba hakugeukia ukuta. "Anza," alisema. "Na usikimbize."

Hakukimbiza. Alisoma kwa Kiswahili, akimtazama baba kila mwisho wa mstari. Baba alijibu kila sala kwa Kilatini, na Padre Augustino hakumsahihisha.

Baba alikufa kabla ya Krismasi, akazikwa na padre. Karibu nusu ya watu wa kikanisa chetu wamerudi parokiani. Wengine bado wanakutana Jumapili bila padre, na wanasema nilileta maneno ya kununuliwa. Mimi ninasoma somo la kwanza kwa Kiswahili, na nikikosea ninaendelea. Nikikaribishwa chakula, ninakula.